Mwenye Sifa ni Nani? Mhadhara wa Umma juu ya Kivumishi na Mgeni wa Lugha

Mabwana na mabibi wa Kilwa na wa mwambao wote wa Lindi, naomba ruhusa nizungumze juu ya sifa moja tu, nayo ni ile ya uzuri, kwa kuwa mgeni anayejifunza Kiswahili huipata mapema kuliko nyingi nyinginezo, na huchelewa mno kuimiliki.

Mgeni akishuka Kilwa Kivinje au Kilwa Masoko, akaulizwa habari za asubuhi, pengine hujibu kwa nia njema kabisa, “Mimi mzuri.” Alilokusudia ni kwamba hana maradhi wala dhiki, alilolisema ni kwamba ana sura jamili, naye amejisifu mwenyewe mbele ya watu wazima. Kosa hilo halitokani na upungufu wa akili wala wa bidii, bali na kutotambua mwenye sifa ni nani. Tunapojibu “nzuri” au “njema”, sifa ile ni ya habari iliyoulizwa, si ya nafsi ya mjibu, na ndiyo sababu ikafuata ngeli ya habari. Mtu akitaka kuisemea afya yake husema “mimi mzima”, na akitaka kumsifu mwenziwe kwa tabia humwita mwema, maana yuko mzuri asiye mwema, na yuko mwema ambaye hakujaaliwa uzuri.

Wala mtihani huu si wa Kiswahili peke yake. Katika Kihispania, mwanafunzi aulizwaye hali yake akajibu estoy bueno badala ya estoy bien, huyo naye huonekana ameusifu mwili wake, ilhali alitaka kusema hajambo tu. Tena sifa hiyo ya bueno hutazama mahali ilipokaa: ikitangulia jina la kiume lililo katika umoja hudondosha irabu yake ya mwisho, un buen libro, na ikilifuata huirejesha, un libro bueno.

Sifa zetu hulifuata jina, na taabu yake iko mwanzoni mwa neno. Mifano iko hapa hapa kwetu: msafiri Ibn Battuta alipoizuru Kilwa mwaka 1331 aliihesabu miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa kwa ustadi. Na leo wanaokwenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, hutamani nao kusifu, kisha hukwama baina ya msikiti mzuri, gofu zuri, nguzo nzuri na mahali pazuri. Ningekuwa mwalimu wao ningewapeleka kwanza Husuni Kubwa na Husuni Ndogo, majengo mawili jirani ambayo majina yake ni somo kamili: ngeli ni moja, lakini “ndogo” imeidhihirisha ile nuni ya mwanzo na “kubwa” imeimeza.

Mmwera au Mmatumbi hashangazwi na hayo, kwani upatanisho wa namna hiyo umo katika lugha yake. Mzungu hushangaa, na hushangaa zaidi asikiapo “rafiki yangu mwema”, neno la umilikaji likishika njia moja na sifa ikashika nyingine, kwa kuwa sifa humtazama mtu aliye hai.

Kwa khofu ya hayo yote wageni wengi hukimbilia “safi” na “salama”, sifa zilizotujia kutoka Kiarabu, ambazo hazibadiliki kwa mtu wala kwa kitu. Ni majibu sahihi, lakini ajibuye hayo daima hatajua kamwe kama ameelewa. Kwa hiyo nawasihi wenyeji msitosheke na “salama” ya kwanza: mwulizeni mgeni habari za safari, kisha mwulizeni kama yu mzima, kisha mwulizeni mwenyeji wake ni mtu wa namna gani, ili aseme nzuri, na mzima, na mwema, kila moja kwa mwenyewe.