Andalio la Somo na Mahitaji ya Kila Mwanafunzi
(Mazungumzo kwa walimu wa skuli za msingi)



Tamko la Salamanca, Hispania, la mwaka 1994, lilizitaka skuli za kawaida zimpokee kila mtoto. Lakini kumpokea pasi na kulirekebisha andalio la somo ni kumkalisha darasani tu. Katika kujumlisha, lengo na libaki lile lile. Njia ndiyo ibadilike. Asiyeona ahesabu komwe kwa vidole vyake. Asiyesikia vyema akae mbele, na mwalimu asiseme hali ameuelekea ubao. Anayechelewa kufahamu aanze na 3 na 2 kabla ya 27 na 15.

Wangapi wameitwa wazito, kumbe hawasikii! Kabla ya kuandikiwa kuwa ameshindwa, mtoto na apelekwe hospitali akapimwe masikio na macho.