Hakuna Kiungo Kidogo Baharini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wafanyao kazi za chuma)



Nimeombwa niseme juu ya umeme wa upepo unaopatikana baharini. Nitaanza na msiba, maana elimu nyingi ya kazi za baharini imelipiwa kwa roho za wafanya kazi.

Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, palikuwa na jengo la chuma lenye kuelea, jina lake Alexander L. Kielland. Lilikuwa na miguu mitano, nalo lilikuwa bweni la watu wa kazi ya mafuta. Jioni ile, katika dhoruba, mguu mmoja ulivunjika. Jengo likalala upande, na baada ya dakika kama 20 likapinduka. Katika watu 212 waliokuwamo, 123 walikufa.

Wachunguzi walikuta sababu katika bomba moja kubwa lililoushikilia mguu ule. Juu yake palikuwa pamechomelewa kishikizo cha chombo kidogo cha kusikilizia sauti majini. Kiungo hicho kilichomelewa vibaya, kikawa na ufa. Ndani ya ufa ilionekana rangi. Yaani ufa ulikuwapo tangu jengo lilipopakwa rangi, kabla halijaenda baharini.

Je, ufa mdogo wawezaje kuangusha jengo? Chukua waya, uukunje na kuukunjua. Mara ya kwanza hauvunjiki, lakini ukizidi kufanya hivyo utakatika mkononi. Chuma huchoka. Tuseme wimbi moja hupiga kila sekunde 8: kwa siku ni mapigo 10,800, na kwa mwaka karibu milioni 4. Kila pigo huongeza ufa kidogo. Bomba lile lilipokatika, mengine yaliyoushika mguu yalielemewa, nayo yakakatika.

Sasa tuje kwenye upepo. Mwaka 1991 Denmark ilisimamisha mitambo 11 ya upepo baharini, mahali paitwapo Vindeby. Mwaka 2017 mitambo 5 yenye kuelea, iliyofungwa kwa minyororo na nanga, ilianza kazi karibu na Peterhead, Scotland. Mnara wa namna hii husukumwa na upepo juu na mawimbi chini, mchana na usiku. Kwa hiyo wahandisi huchukua viungo vilivyochomelewa, wakavivuta na kuviachia mara mamilioni ndani ya maji ya chumvi, kwa sababu chumvi hula chuma na kuharakisha ufa. Tena hupanga jengo ili kipande kimoja kikivunjika, vilivyobaki vilishike.

Lakini ndugu zangu, mhandisi hawezi kukiona kila kiungo kinachochomelewa usiku na fundi aliyechoka, huku msimamizi akimhimiza amalize. Fundi ndiye anayekiona. Naye akijua kwamba kusema kutampotezea kazi, atanyamaza, na rangi itapakwa juu ya ufa.

Basi tunapokaa na waajiri kufanya mapatano, tusidai mshahara peke yake. Tudai pia wakati wa kutosha wa kukagua kazi, na tudai kwamba mtu anayetoa habari ya ufa asiadhibiwe. Wale 123 hawakupata nafasi ya kudai hayo. Sisi tunayo.