Dhamana ya Mwalimu Katika Mitandao ya Kijamii



Tangu mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga shule za Kenya na za Tanzania kwa kupishana siku chache tu, na walimu wengi wakawa hawana njia ya kuwafikia wanafunzi wao ila kwa simu za wazazi, kundi la WhatsApp limekuwa darasa la pili, lisilokuwamo katika ramani ya shule, ambalo milango ya shule ilipofunguliwa tena halikufungwa.

Sikusimama hapa kulilaani. Mwalimu anayepiga picha ukurasa wa kitabu kilicho adimu, akaupeleka jioni kwa wazazi ili watoto wasome, amefanya ihsani kubwa. Wala siafikiani na wale wanaodhani kwamba kumpokonya mtoto simu langoni kwatosha kumsitiri, kwani mtoto huyo huyo, alasiri inapofika, huishika simu ya kaka yake bila ya mtu kumfundisha adabu wala hadhari yake. Nisemalo ni kwamba anayefungua kundi la darasa amejitwika dhamana ya kila aliyemo, kama vile mwenye nyumba alivyo na dhamana ya mgeni aliyemkaribisha.

Na tutazame jinsi chombo chenyewe kifanyavyo kazi. Kundi la WhatsApp laweza kubeba watu 1,024, na namba za simu za waliomo kwa kawaida huonekana na wote, hata binti aliyeingizwa kwa simu ya mama yake huwa ameikabidhi namba ile kwa watu asiowajua, na yeyote miongoni mwao aweza kumwandikia faraghani. Umri wa kujiunga wa miaka 13 unaotajwa na Facebook na Instagram, ambao asili yake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 juu ya faragha ya watoto, si kinga ya kutegemewa, maana aghalabu mtoto hujitajia mwenyewe mwaka wake wa kuzaliwa.

Picha ndizo zinazonitia huzuni zaidi. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ya ridhaa ya wazazi, na hali sheria ya nchi ile ya mwaka 2019 yataka ridhaa hiyo pamoja na kuangaliwa kwa maslahi ya mtoto; Tanzania nayo ilitunga sheria yake ya taarifa binafsi mwaka 2022. Picha ya mtoto aliyevaa sare yenye nembo, jina lake likiwa chini yake, humwambia mtu mwovu ni nani wa kumtafuta na wapi pa kumngojea, na ikishanakiliwa hakuna awezaye kuirejesha. Saini iliyotiwa na mzazi siku ya kuandikisha mtoto, katika karatasi asiyopewa wasaa wa kuisoma, mimi siihesabu kuwa ni ridhaa.

Ingefaa, basi, kundi liwe la wazazi, lisimamiwe na walimu wawili, na ujumbe utumwe na wasimamizi peke yao. Mwalimu asiandikiane na mwanafunzi peke yao, hata kwa nia njema. Na mtoto afundishwe darasani, mchana na mbele ya wenzake, namna ya kuzuia asiingizwe katika makundi ya watu asiowajua, na nani wa kumwendea bila ya khofu ya kupigwa pale mgeni atakapomwomba picha.

Haya yote hayawezi kuachiwa hisani ya mwalimu mmoja mmoja. Naliomba Baraza la Chuo chetu liamuru kwamba, kuanzia mwaka ujao wa masomo, mwanafunzi wa ualimu asipelekwe katika mazoezi ya kufundisha kabla ya kuunda kundi la namna hiyo mbele ya mkufunzi wake, kulilinda, na kutahiniwa juu yake.