Kutua Mzigo: Kiswahili katika Maswali na Majibu Baada ya Filamu

Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, msafiri aliyekwisha kuvuka nyika ya Mgunda Mkali aliingia Unyamwezi kwa kufika Tura. Richard Burton, aliyepita hapo pamoja na John Speke mwaka 1857, aliandika kwamba jina hilo ni amri yenye maana ya "tua mzigo". Mwanaisimu halazimiki kukubali kila asili ya neno inayotolewa na msafiri, lakini hii ina mantiki ya kifonolojia. Kitenzi tua kina wenzake wenye konsonanti l katika lugha za Kibantu za bara, konsonanti ambayo Kiswahili kimeidondosha.

Kutua mzigo hakukuwa kupumzika tu. Kituoni ndiko chakula kilikonunuliwa, hongo ilikojadiliwa, na habari za maji na usalama wa njia zilikoulizwa. Wapagazi wa Kinyamwezi, wafanyabiashara wa pwani na wenyeji walihitaji lugha moja ya kuulizana na kujibizana, na Kiswahili ndicho kilichoitumikia haja hiyo. Kwa hiyo, kuenea kwa Kiswahili barani ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya maswali na majibu.

Mada ya mhadhara huu ni kituo cha namna nyingine: dakika chache zinazofuata filamu katika tamasha, taa zinapowashwa na mtengenezaji wa filamu kusimama mbele ya watazamaji. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, maarufu kama Tamasha la Nchi za Majahazi, lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Mbali na maonyesho ya Ngome Kongwe mjini, lilipeleka filamu katika vijiji vya Unguja na Pemba. Hatua hiyo ilizua suala ambalo si la ufundi wa sinema, bali la isimujamii: je, nani ana haki ya kuuliza, na kwa lugha gani?

Suala hili lina historia yake barani Afrika. Sembène Ousmane wa Senegali, aliyetoka katika riwaya na kuingia katika filamu ili awafikie wasiosoma, aliiona sinema kuwa shule ya jioni. Alitoa filamu ya Mandabi kwa Kiwolofu mwaka 1968, na alizunguka na filamu zake akijadiliana na watazamaji. Nchini Tanzania, wafasiri wa vibanda vya video, ambao mashuhuri wao alijulikana kwa jina la Lufufu, walisimulia kwa Kiswahili filamu za kigeni na kueleza yale ambayo mtazamaji angeyauliza. Katika mazingira hayo, mtazamaji hakuchukuliwa kuwa bubu.

Katika matamasha ya kimataifa, hata hivyo, mara nyingi mjadala huendeshwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo filamu yenyewe ni ya Kiswahili. Anayeuliza kwa Kiswahili hufasiriwa kwa ufupi. Hasara yake inaweza kuonyeshwa kwa neno moja tu, yaani mbona. Tuseme mzee anamwambia mwongozaji kijana: "Mwanangu, mbona yule mama hakurudi kwao?" Mfasiri akilifanya neno hilo kuwa sawa na kwa nini, anakuwa amefikisha swali na kuacha shauri. Kwa nini huomba sababu. Mbona hubeba tarajio lililovunjwa: mwulizaji alitegemea mama arudi, na anataka mwongozaji atoe hesabu ya uamuzi wake. Nalo neno mwanangu halifasiriwi kabisa, ilhali ndilo linalompa mzee mamlaka ya kuhoji na kumpa kijana wajibu wa kujibu kwa adabu. Mwongozaji hujibu kuhusu mpangilio wa matukio. Mzee hukaa kimya, akidhaniwa kuwa ameridhika.

Aidha, mwenendo wa kuuliza hutofautiana. Katika mkutano wa Waswahili, msemaji huanza kwa salamu na shukrani, hutaja alichokielewa, kisha ndipo hufikia hoja. Wengine hutangaza wazi kwamba hawana swali bali nyongeza. Mwendesha mjadala asiyejua utaratibu huu huuona kuwa upotezaji wa muda na kumkatiza msemaji kabla hajafika alikokuwa akienda. Hapo anayenyimwa nafasi si mropokaji. Ni mtu aliyefuata kanuni za lugha yake.

Inaweza kudaiwa kwamba wageni nao wana haki ya kuelewa. Dai hilo ni la haki, lakini halilazimishi Kiswahili kinyamaze. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999, iligeuzwa kuwa filamu na Amil Shivji na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021. Watazamaji wa huko waliweza kufuata filamu ya Kiswahili kwa msaada wa tafsiri. Ikiwa filamu nzima yaweza kufasiriwa, mazungumzo ya robo saa hayawezi kushindikana. Kinachotakiwa ni mfasiri aliyefunzwa, maswali ya kwanza yaulizwe kwa lugha ya filamu, na mwulizaji aachwe amalize.

Msafiri aliyetua mzigo wake Tura hakuweza kuendelea bila kuulizana na wenyeji. Mtengenezaji wa filamu naye amebeba mzigo kutoka mbali, na mara nyingi umejaa maisha ya watu wale wale walioketi mbele yake. Wakinyimwa lugha ya kuuliza, atakuwa amepita kijijini kwao bila kutua.