Mizani Kabla ya Kiti

Kila mwaka vyuo vya Malimbe na Bugando hapa Mwanza vitoapo wahitimu wao, huonekana vijana watanashati, bahasha ya kaki kwapani, wakipanda na kushuka ngazi za majengo ya Barabara ya Kenyatta kutafuta kazi ya mezani, ilhali hapo sokoni Mwaloni Kirumba magunia ya dagaa yanahesabiwa, yanashonwa na kupakiwa kwenda hata Kongo na watu ambao aghalabu hawana cheti hata kimoja. Simwambii kijana aitupe elimu yake akabebe magunia, la hasha. Namwambia atazame ni nani pale ashikaye daftari, na ni nani ajuaye kwamba mbalamwezi ikiwaka mitumbwi ya dagaa hulala ufukoni na bei ikapanda, kwa kuwa ilimu hiyo haina mtihani nayo inasomesha watoto wa watu.

Hata marehemu Paul Bomani, kabla hajawa Waziri wa Fedha mwaka 1962, alianzia kwenye hesabu za watu wadogo: mwaka 1947 alikuwa katibu wa chama cha wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza, na wakulima wa pamba wa Usukumani walipoishuku mizani ya wanunuzi, chama hicho kikaweka wapimaji wake, ili mzigo wa mkulima upimwe kwa haki kabla haujauzwa. Ilikuwa kazi ya jua na vumbi, isiyo na kiti wala kivuli. Lakini imani iliyopatikana kwenye mizani ile ndiyo iliyowaleta wakulima katika ushirika, hata mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, na Bomani akawa meneja wake.

Walakini unyenyekevu huo wa kuanzia chini usigeuke ujinga. Wako waajiri, nao si haba, ambao humwita kijana "mwanafunzi wa kazi" miaka nenda miaka rudi, wakimlipa nauli na ahsante. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi, ujira ukiwemo, na saa za kawaida zisipite 45 kwa juma. Basi uliza siku ya kwanza, kwa adabu, bila kuona haya. Na ukiambiwa kwamba mkataba utakuja baadaye, omba tarehe, uiandike mbele ya mwajiri.