Rika, Malezi na Nafsi ya Kijana katika Riwaya ya Kiswahili

Utangulizi

Katika hazina ya methali za Kiswahili yamo majibu matatu ya swali moja: ni nini kinachomfanya kijana awe alivyo? Jibu la kwanza ni la nasaba: mtoto wa nyoka ni nyoka. La pili ni la malezi: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. La tatu ni la mazingira: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Majibu haya hayapatani kikamilifu. La kwanza linampa mzazi udhuru, la pili linampa mzigo, na la tatu linaukabidhi mzigo huo kwa ulimwengu pale mzazi anaposhindwa. Jamii iliyotunga methali hizi haikuona haja ya kuchagua mojawapo. Ilizihifadhi zote, na kila mara ilitumia ile iliyohitajika.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo methali hizi tatu hazilitaji waziwazi, nalo ni wakati. Mama anayefunza na ulimwengu unaofunza huchukuliwa kana kwamba ni wa zama moja. Madai ya mhadhara huu ni kwamba riwaya ya Kiswahili, hasa kuanzia miaka ya 1970, ndiyo iliyoliziba pengo hilo. Ilionyesha kwamba malezi hutolewa na rika moja kwa ajili ya maisha yatakayoishiwa na rika jingine, na kwamba nafsi ya kijana huundwa, au huvunjika, katika nafasi iliyopo kati ya marika hayo mawili.

Ushahidi wa msamiati

Kabla ya kuingia katika riwaya, inafaa kuutazama msamiati wenyewe. Maneno mengi yanayotaja kile ambacho mtu anacho tangu kuzaliwa yametoka katika Kiarabu: tabia, hulka, silika, nafsi. Maneno yanayotaja namna mtu anavyofanywa kuwa mtu yana mizizi ya Kibantu: malezi hutokana na kulea, makuzi na kukua, kizazi na kuzaa, mazingira na kuzingira. Mpaka huu si ukuta. Tabia, kwa mfano, hutumika pia kwa mazoea ambayo mtu ameyapata ukubwani, na ndiyo maana husemwa kuwa fulani amebadili tabia. Lakini mwelekeo upo, na unaonyesha kuwa mzungumzaji wa Kiswahili ana zana za kumweleza mtu kwa asili yake na kwa historia yake pia.

Neno utu lina nafasi ya pekee. Kila binadamu huzaliwa mtu, lakini si kila mtu husemwa kuwa ana utu. Utu hufundishwa, huonyeshwa na hupotea. Hivyo lugha yenyewe inakubali kwamba kuzaliwa hakutoshi.

Neno kizazi nalo limepanuka. Maana yake ya zamani inahusu uzao na ukoo, yaani wale wanaofuatana kwa damu. Tangu miaka ya 1990, muziki wa vijana wa Tanzania ulipoanza kuitwa muziki wa kizazi kipya, neno hilo limezoeleka zaidi kwa maana ya rika, yaani watu waliofungwa pamoja na wakati badala ya damu. Mabadiliko haya ya maana yanafuata njia ileile ambayo riwaya ilikuwa imeipita miongo miwili kabla.

Adili: nafsi iliyomo katika jina

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Wajerumani, akasoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926 chini ya Waingereza, na akafanya kazi ya ukarani serikalini. Alifariki mwaka 1962, muda mfupi baada ya uhuru. Rika lake liliishi chini ya tawala mbili za kigeni, na swali lililolisumbua lilikuwa la utu: binadamu apaswa kuwaje hata pale anapokuwa hana mamlaka?

Katika Adili na Nduguze, kisa kilichochapishwa mwaka 1952, ndugu watatu wanatoka katika nyumba moja. Majina yao ni Adili, Hasidi na Mwivu. Baba ni mmoja, na malezi hayatofautishwi kwa kiasi cha kueleza tofauti zao. Hata hivyo mmoja anakuwa mwema, na wawili wanajaa husuda hata wakathubutu kumdhuru ndugu yao. Msomaji anayetafuta sababu katika utoto wao hataiona. Sababu imo katika majina. Huu si upungufu wa ufundi, kwani kisa cha maadili kinahitaji wema na uovu vionekane bila ukungu, ili msomaji achague. Lakini matokeo yake ni kwamba mazingira hayawi na kazi ya kuunda mtu. Kazi yake ni kumpima tu.

Rosa: nyumba iliyofunga mlango

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 huko Ukerewe. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 alikuwa kijana wa miaka 17, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkuta akiingia katika utu uzima. Rika lake lilitoka vijijini, likapitia shule za bweni za misheni, likaishia chuo kikuu, yote hayo katika muda mfupi kuliko ambao baba zao wangehitaji kulielewa. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971.

Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina. Zakaria ni mlevi, lakini kuhusu binti zake ni mkali kupita kiasi. Anapogundua barua ambayo mvulana Charles amemwandikia Rosa, anampiga binti huyo kikatili. Tangu hapo Rosa anajifunza jambo moja kuhusu wanaume, nalo ni woga. Hajifunzi kukataa kwa hiari wala kukubali kwa hiari. Hajifunzi hata kuzungumza nao. Anapokwenda shule ya wasichana, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, fimbo ya baba haipo tena. Wenzake wana ujuzi ambao yeye hana, na wanaume wenye vyeo na fedha wako karibu. Woga uliokuwa ukifanya kazi ya maadili unapoondoka, mahali pake hapana kitu. Mwisho wake ni kujiua.

Wapo wanaosoma riwaya hii kama onyo dhidi ya shule na mji, na wapo wanaoisoma kama hukumu dhidi ya baba. Kila usomaji umeegemea methali yake: wa kwanza ile ya ulimwengu, wa pili ile ya malezi. Lakini riwaya haimwachii msomaji urahisi huo. Wasichana wengine wanaishi katika mabweni hayohayo wasiangamie, na Zakaria si baba mkali peke yake katika rika lake. Kinachomwangamiza Rosa ni kukutana kwa mambo mawili. Malezi yake yalikuwa ya ulimwengu ambamo binti hutoka chini ya ulinzi wa baba na kuingia moja kwa moja chini ya ulinzi wa mume. Ulimwengu aliouingia ulikuwa umeweka kati ya ulinzi huo miwili miaka kadhaa ya masomo, ambayo baba yake hakuwahi kuifikiria. Katika miaka hiyo hapakuwa na mlinzi ila nafsi yake mwenyewe, na nafsi hiyo haikuwa imepewa mazoezi.

Kazimoto: rika lisilo na mahali

Katika Kichwamaji, iliyochapishwa mwaka 1974, mtihani huohuo unamkuta msomi wa kiume. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kijijini kwao, na ndiye anayesimulia. Hana baba wa kumfungia ndani. Ana elimu ambayo wazee wanaistahi bila kuielewa, na ana mashaka ambayo hawezi kuwaeleza. Mwenzake wa shule, Manase, amekuwa mkuu wa wilaya, na ndiye aliyemharibia maisha dada yake. Kazimoto anapanga kisasi kwa kumwendea dada wa Manase. Hivyo wasomi wawili wa rika moja wanatumia elimu na vyeo vyao kuumizana kupitia kwa wanawake wa familia zao.

Swali la nafasi ya msomi lilikuwa moto nje ya riwaya pia. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na wanafunzi wapatao 400 wakafukuzwa masomoni. Mwezi Machi 1967 Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, waraka uliolaumu elimu inayomtenga kijana na jamii iliyomlea. Kazimoto anautazama utengano huo kutoka upande wa pili, upande wa anayeuishi. Haonekani kuudharau umma kwa furaha. Amekosa mahali pa kurudi. Yeye pia anaishia kujiua, baada ya mtoto wake kuzaliwa na kichwa kikubwa na kufariki. Kichwa hicho, kilichotokana na ugonjwa ambao wazazi waliuambukizwa, kinaunganisha nasaba na mazingira katika picha moja: kizazi kinarithi kile ambacho rika lililotangulia lilikiokota njiani.

Pingamizi la Kongowea

Inaweza kujibiwa kwamba hoja hii inamnyima kijana uwezo wa kujiumba. Ikiwa rika na mazingira vina nguvu kiasi hiki, je, kijana ana hiari gani? Pingamizi hilo ni zito, na riwaya ya Kiswahili yenyewe inalitoa. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, Kongowea Mswahili anakulia Tanga bila baba, akiwa mwana wa mwimbaji wa taarabu. Mama anafariki, kijana ananyanyaswa na kutukanwa kwa sababu ya kuzaliwa kwake, na hatimaye anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba. Kwa hesabu ya mazingira peke yake, Kongowea alipaswa kupotea. Hakupotea.

Lakini tofauti kati yake na Rosa haimo katika ugumu wa maisha. Imo katika kile walichopewa kabla ya ugumu. Kongowea alipewa upendo wa mama na mapenzi ya lugha na masomo, vitu vinavyoweza kubebwa njiani. Rosa alipewa marufuku, na marufuku haina nguvu mbali na aliyeiweka. Hivyo pingamizi haliivunji hoja. Linaisahihisha: malezi hayawezi kuutabiri ulimwengu ambao mtoto ataukuta, lakini yanaweza kumpa kitu kitakachofaa hata katika ulimwengu usiotabirika. Hapo ndipo hiari inapoanzia.

Hitimisho

Historia ya Rosa Mistika kama kitabu inatoa funzo la mwisho. Baada ya kuchapishwa, riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa hofu kwamba ingewaharibu vijana. Waliofanya hivyo walikubali, pengine bila kukusudia, kwamba kitabu ni sehemu ya mazingira na kina uwezo wa kuunda nafsi. Katika hilo walikuwa sahihi. Lakini njia waliyoichagua ilikuwa ya Zakaria. Waliificha barua ili binti asijue kwamba barua huandikwa. Baadaye kitabu kiliingia tena mikononi mwa wanafunzi, na leo ni vigumu kufundisha historia ya riwaya ya Kiswahili bila kukitaja.

Kezilahabi alifariki mwezi Januari 2020, na Walibora mwezi Aprili mwaka huohuo. Wasomaji wao wa sasa ni rika ambalo hukutana na ulimwengu kupitia simu ya mkononi kabla hata ya kutoka nyumbani, kiasi kwamba mlango ambao Zakaria aliufunga haupo tena. Kwa mzazi na mwalimu wa rika hili, methali tatu zilizotajwa mwanzoni bado zina kazi, ila yafaa zisomwe pamoja. Ulimwengu humfunza hata yule aliyefunzwa na mamaye. Kinachobaki mikononi mwa mama, baba na mwalimu ni kuamua mtoto aingie katika darasa hilo la pili akiwa amebeba nini.