Steji ikihamishwa, nani anatembea?

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi mbele ya vijana wa mtaa wetu, kwenye ule mfululizo wa mada zinazorudi kila msimu wa siasa. Waliokosa kufika waliomba niyaandike, kwa hivyo nimeyaweka hapa karibu kama nilivyoyasema. Sheria ya uzi huu ni ileile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Hoja hizi nimezisikia kwa midomo ya pande zote, kwa hivyo tujadili hoja, si mdomo.

1.
Najua wengine mlitaka tuongee madeni ya taifa ama ushuru. Leo naomba tuongee steji. Ndiyo, steji ya matatu.

Shangazi yangu anaishi Kayole na anafanya usafi katika ofisi moja kule Westlands. Saa kumi na nusu alfajiri ameshaamka. Anapanda gari hadi tao, anatembea dakika chache, anapanda gari la pili, na saa kumi na mbili na nusu anatakiwa awe ameshatia sahihi langoni. Akichelewa anakatwa pesa. Hakuna cha kujitetea.

Juzi alisikia mjadala kwenye redio kuhusu kutoa matatu katikati ya jiji. Akaniuliza, "Wewe si unasoma mambo ya siasa? Hebu niambie, wanataka tupitie wapi?" Nikaanza kumweleza habari ya msongamano, mpangilio wa miji, moshi. Akanikatiza. "Hiyo nimesikia, mwanangu. Nimeuliza mimi nitapitia wapi."

Sikuwa na jibu. Miaka mitatu chuoni, na sikuwa na jibu. Hii hotuba ni jaribio la kulitafuta.

2.
Tuanze na yaliyokwisha kutokea. Jumatatu, tarehe 3 Desemba 2018, marufuku ya matatu kuingia katikati ya Nairobi ilianza kutekelezwa. Mimi nilikuwa likizo, bado niko shule ya upili. Mnakumbuka zile picha: watu makundi kwa makundi wakitembea kandokando ya barabara, akina mama na watoto mgongoni, wagonjwa, wazee, wanafunzi na masanduku. Matatu ziliwashusha pembeni mwa jiji, na kutoka hapo kila mtu na miguu yake. Marufuku yenyewe haikumaliza wiki. Ilisimamishwa.

Wengi tulitoka na somo kwamba serikali ilishindwa nguvu na wenye matatu. Mimi nadhani somo ni lingine. Siku ile magari yaliambiwa yasipite, lakini hakuna aliyekuwa ameandaa namna ya kumvusha abiria kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine. Steji ilihamishwa, safari haikuhamishwa. Safari ya shangazi haiishii tao. Tao ni mahali pa kubadilisha gari tu.

Chukua mpango wa aina ile tunaousikia kila mara: magari ya Jogoo Road yaishie Muthurwa, ya upande wa Westlands yaanzie Ngara. Kwenye ramani inapendeza. Sasa mweke shangazi hapo Muthurwa saa kumi na moja na nusu, bado giza, mvua inanyesha, halafu mwambie avuke jiji lote kwa miguu hadi Ngara. Au alipe boda. Hiyo pesa ya boda haimo kwenye bajeti ya kaunti. Imo kwenye bajeti ya unga.

3.
Lakini tuwe wakweli kwa upande wa pili, maana hapa hatukuja kupiga makofi tu.

Wanaotaka matatu zitoke wana hoja. Ukisimama pale River Road au Tom Mboya saa kumi na moja jioni, unaona matatu zimesimama katikati ya barabara zikingoja kujaa. Zimegeuza barabara ya umma kuwa gereji. Mtu wa miguu hana pa kupita, ambulensi haina pa kupita. Hilo ni kweli na sitalitetea.

Swali ni kwa nini zinangoja. Dereva na makanga wengi hawana mshahara wa mwezi. Kuna pesa ambayo lazima ifike kwa mwenye gari kila siku, kuna mafuta, kuna za njiani ambazo wote tunazijua, na kinachobaki ndicho chao. Gari likiondoka na viti vitano wazi, hasara ni yao. Kwa hivyo watangoja. Watangoja Tom Mboya, na ukiwahamisha watangoja Ngara. Usipogusa mfumo wa malipo, hujaondoa msongamano. Umeubadilishia anwani.

Halafu kuna jambo ambalo wanaotaka matatu zitoke hulikwepa. Matatu ndogo ina viti 14 vya abiria, kubwa 33 na zaidi. Gari la kibinafsi mara nyingi limebeba mtu mmoja, na litakaa kwenye maegesho ya jiji kutwa nzima. Sasa kama shida ni nafasi barabarani, kwa nini anayebeba watu 33 ndiye atolewe, na anayebeba mmoja aendelee kuingia hadi mlangoni? Mimi sisemi magari ya kibinafsi yapigwe marufuku. Nasema ukisikia mheshimiwa yeyote akisema anataka kupunguza msongamano na hajataja magari ya kibinafsi hata mara moja, muulize.

4.
Sasa tuvuke hadi Ngara na Pangani, kwa sababu hapo kuna jambo ambalo halisemwi sana.

Pale Ngara, kwenye Park Road, pamejengwa nyumba 1,370 za mpango wa makazi nafuu. Pangani nako, zile nyumba za zamani za kaunti zilibomolewa ili yajengwe maghorofa. Mtaa ukijengwa upya hivyo, wakaazi wanabadilika, na anayesikika kwenye mikutano pia anabadilika.

Aliyenunua nyumba ghorofa ya nane anataka usingizi. Honi za alfajiri, makanga wakiita abiria, moshi, hataki. Ana haki. Lakini pale chini kuna mama wa chai na mandazi, kuna wa mutura, kuna kijana wa chaja na earphone, kuna mwenye mkokoteni. Hawa wote wanaishi kwa sababu abiria anashuka pale. Steji ikienda mita mia tano, biashara yao imekufa wiki hiyohiyo, na hakuna atakayewaita kwenye kikao, kwa sababu kwenye karatasi hawako. Wao si wakaazi, hawana hati, wengine hawana hata leseni ya kibanda.

Kwa hivyo ukisikia "wakaazi wamekubali njia mpya," uliza: wakaazi gani? Wenye nyumba, wapangaji, au wanaokula kwa sababu ya steji? Na abiria mwenyewe, ambaye hapo anapita tu?

5.
Hapa sasa ndipo somo langu la siasa linaingia. Nani anaamua?

Katiba, kwenye Jedwali la Nne, inaipa kaunti kazi ya usafiri wa umma wa barabarani, pamoja na trafiki na maegesho. Lakini leseni ya matatu inatolewa na NTSA, ambayo ni ya serikali ya kitaifa. Tena kuna NAMATA, mamlaka iliyoundwa 2017 kushughulikia usafiri wa eneo lote la jiji kuu: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Ongeza mashirika ya barabara, kwa sababu barabara moja ni ya kaunti na inayofuata ni ya kitaifa. Ukiuliza kaunti utaambiwa nenda kitaifa. Ukienda kitaifa utaambiwa hiyo ni kazi ya kaunti.

Na kuna tundu kubwa zaidi. Mtu wa Rongai anapiga kura Kajiado. Mtu wa Kikuyu anapiga kura Kiambu. Lakini mahali watakaposhushwa asubuhi panaamuliwa Nairobi, na watu wasiohitaji kura zao. Mwanasiasa wa Nairobi akimtembeza mtu wa Rongai kilomita mbili kila siku, hapotezi hata kura moja. Ndiyo maana naamini mpango wa kuhamisha steji za tao haufai kupitishwa na kaunti moja peke yake. Lazima kaunti jirani ziwe mezani, tena mezani kwa maandishi.

6.
Mtu ataniambia, "Acha hizo, mbona Dar es Salaam waliweza?" Sawa, tuiangalie Dar. Mabasi yaendayo haraka yalianza kubeba abiria 2016, na daladala zikatolewa kwenye barabara ile kuu. Lakini angalia mpangilio: kwanza ilijengwa njia maalum ya mabasi na vituo vyake, ndipo daladala zikaambiwa zihame. Hata hivyo abiria wa Dar wamelalamika miaka mingi kuhusu uchache wa mabasi na kubanana. Kwa hivyo hata ukifuata mpangilio mzuri, kazi haijaisha.

Sisi tumezoea kuanzia mwisho. Njia zetu za mabasi ya kasi zilipewa majina mazuri, Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Thika Road ikachorwa mstari mwekundu. Mstari ulifika kabla ya basi. Ile steji mpya ya Green Park karibu na Uhuru Highway nayo ilifanyiwa majaribio Mei 2022, na swali la abiria lilikuwa lilelile la shangazi: nikishushwa hapa, naendelea na nini?

7.
Basi tufanye nini? Kulia tu haisaidii. Sheria imetupa vifaa.

Kifungu cha 10 cha Katiba kinataja ushirikishaji wa umma kama mojawapo ya maadili ya kitaifa. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na ofisi za serikali, na sheria iliyopitishwa 2015 ili kukitekeleza inataka umma upewe notisi na nafasi ya kutoa maoni pale uamuzi unapoweza kuwaumiza watu wengi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuomba taarifa. Na Mahakama ya Juu ilieleza 2019 kwamba kushirikisha umma lazima kuwe kwa kweli, si kwa kujionyesha.

Kwa hivyo mpango wa njia mpya ukiletwa kwenu, msijibu kwanza "tunakubali" au "tunakataa." Ulizeni haya matano, na mtake majibu kwa maandishi:

Moja, abiria anayepita tao kwenda upande wa pili atavushwa na nini, na kwa nauli ngapi?
Mbili, hiyo njia ya kuvuka itaanza kabla ya steji kuhamishwa, au "baadaye"?
Tatu, kutoka steji mpya hadi gari linalofuata, kuna njia ya miguu yenye taa?
Nne, wafanyabiashara wa steji ya zamani wamehesabiwa na kutengewa nafasi?
Tano, magari ya kibinafsi yanachangia nini katika huo mpango?

Kama swali la pili jibu lake ni "baadaye," mimi binafsi nasema steji isiguswe. Si kwamba nazipenda fujo za matatu. Ni kwamba hiyo "baadaye" tumeshaitembea kwa miguu 2018.

8.
Nimalize na shangazi. Jumapili nilirudi kwake nikamsomea haya maswali matano. Alisikiliza hadi mwisho huku anachambua sukuma. Nikamwambia, "Shangazi, kikiitishwa kikao cha umma, nenda ukayaulize."

Akasema, "Nitaenda. Lakini hivyo vikao si huwa saa nne asubuhi katikati ya wiki? Saa hiyo mimi niko ghorofa ya tatu napiga deki."

Basi ongezeni swali la sita, na hili liulizwe kabla ya mengine yote: kikao ni siku gani, saa ngapi? Mwandikieni mwakilishi wadi wenu, mtaka kikao kiwe Jumamosi jioni au Jumapili alasiri, na kingine kifanyike palepale stejini, kwa abiria walio kwenye laini. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Nimeshaandika yangu, na nakala ziko pale mlangoni. Atakayetaka achukue moja, abadilishe jina la mtaa, atie sahihi yake.